Homa ya Wifi

Machi 2
Mvua imeanza, na mwenye kazi ya sufi mvua ikianza ni kama amefungwa mikono. Sufi haianikiki. Wateja wanaleta magodoro yao yafumuliwe na kujazwa upya, sisi tunayapokea na kuyarundika tu. Mume wangu anasema tutulie, itakatika. Kutulia ndiyo kipaji chake. Mimi nisipokuwa na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, kinachofanya kazi ni mdomo, kwa hiyo nimeamua kuandika ili watu wa nyumba hii wapumzike.

Wifi yangu amefika leo, mdogo wake mume wangu, wa mwisho kwao. Tumbo limeshakuwa kubwa. Mumewe ni utingo wa malori ya mbali, na huko wanakoishi hospitali haifikiki wakati wa mvua, ndiyo maana tulikubaliana ajifungulie huku. Mimba zilizotangulia zote zilimtoka mapema. Hii ndiyo ya kwanza kufika hapa ilipofika, na mume wangu ameniambia mara kadhaa kwamba hii lazima ifike mwisho, kana kwamba mimi ndiye niliyeibeba.

Nimemtandikia kwenye stoo ya nyuma, katikati ya magunia ya sufi. Chumba kingine hatuna. Sakafu ni ya udongo na kuta zina nyufa, lakini hapavuji, na godoro nimempa zuri. Ameshukuru sana. Kushukuru anajua.

Machi 4
Mvua. Wifi ameamka chai imeshapoa. Nimenyamaza.

Machi 7
Panya. Shamba la nyuma limejaa maji, mashimo yao yamezama, basi wamehamia kwetu na familia zao zote. Si wale wa nyumbani tuliowazoea. Hawa ni wa porini, wadogo, wana wekundu mgongoni, na hawana haya hata kidogo. Wamejitengenezea vitanda ndani ya sufi yetu, sufi niliyoichambua kwa vidole vyangu hivi, na wametafuna kitambaa cha godoro la mteja. Wifi anasema wanampita miguuni akilala. Analisema huku anacheka, mimi nimekasirika mpaka kichwa kinaniwanga.

Machi 8
Leo kaja mtu wa panya. Anatoka kwenye ofisi inayochunguza magonjwa ya wanyama, anapita nyumba hadi nyumba kutega visanduku vya bati. Watu wa mtaa wanamwita Bwana Mitego. Ana mabuti ya mpira na adabu nyingi, haingizi mguu ndani mpaka akaribishwe. Panya anawataka wazima, awatoe damu kidogo, awachane manyoya aone wamebeba kupe gani.

Nikamwuliza, kwani panya wanaumwa? Akasema panya anaweza asiumwe kitu, ila huenda anawatunzia wengine ugonjwa. Nikamwuliza anatunzaje. Huenda kwa kupitia kupe na papasi wanaomnyonya. Na wa hapa kwetu je, wanao? Huenda. Nimehesabu ni mtu wa huenda tupu. Akaomba tusiweke sumu mpaka amalize kutega mtaa mzima, afike kwetu. Nikamkubalia kwa mdomo.

Machi 10
Tumeweka sumu. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye ndiye mteja wetu mkubwa, alikuja kuangalia magodoro yake, akakuta mavi ya panya juu ya moja. Akasema kama hali ndiyo hii atayachukua yote. Nani angemsubiri Bwana Mitego hapo? Nimeikoroga mwenyewe. Wifi nimemhamishia sebuleni kwa muda.

Machi 13
Panya kwisha. Mizoga tumeikusanya na kuichoma, viota vyote nimevitoa kwenye sufi, nimefagia stoo mpaka mgongo ukaniuma. Nyumba imekuwa kimya. Wifi amerudi chumbani kwake. Mume wangu kanisifu, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Machi 15
Mvua. Hakuna la kuandika.

Machi 18
Nimemwona wifi anajikuna miguu. Nikamwangalia, ana vidoa vyekundu vyenye nukta nyeusi katikati, kwenye vifundo na mapajani. Kasema haviumi sana, hata hajui vimempata lini. Roho ikaniruka. Fundi wa magodoro kusikika ana kunguni nyumbani kwake, si afadhali afunge kazi akalime? Nikafumua godoro lake lote, nikachungulia mishono, sikuona hata mmoja. Hata hivyo nimemwambia avae gauni refu, na asimwonyeshe mtu, jirani wala nesi. Akanielewa. Akasema hawezi kutuharibia kazi.

Machi 21
Jua limetoka leo, la kwanza tangu mwanzo wa mwezi. Tumetoa turubai, tumemwaga sufi, mikono inahitajika, na wifi ndiyo amelala. Anatetemeka, kichwa, viungo, mgongo. Nimemgusa, anachoma kweli. Mume wangu kakimbilia duka la dawa, kaleta dawa za malaria. Kumpeleka zahanati haiwezekani, hawezi hata kukaa, na njia yote ni tope. Tumesema tusubiri apate nguvu kidogo.

Machi 24
Homa imemtoka kama ilivyomwingia. Alitokwa na jasho mpaka godoro likalowa, kisha akakaa na kuomba chakula. Dawa imefanya kazi. Mchana tukatembea naye polepole mpaka zahanati. Damu imepimwa, haina malaria wala chochote. Nesi kasema labda dawa imeshamaliza wadudu. Mtoto anacheza vizuri. Mume wangu alitabasamu njia nzima.

Machi 27
Mvua. Nimeshona foronya.

Machi 31
Sasa hapa naomba mtu anieleze. Jua limetoka tena. Mwenye nyumba ya wageni anataka magodoro yake wiki hii. Jana jioni nimewaambia wote kwamba kesho ni kazi, na wifi akaitikia vizuri kabisa. Leo amelala, anatetemeka, kichwa, viungo, mgongo. Yaleyale.

Mimi nimezaa watatu huku nikishona. Wa pili uchungu ulinikuta nimeshika shazia. Sisemi kila mtu awe kama mimi, lakini homa gani hii inayongoja jua litoke? Nimemwambia mume wangu. Akasema dada yake si mvivu, tangu utoto hakuwa mvivu. Nikamwuliza, kwa hiyo mimi ni mwongo? Akanyamaza akaendelea kuchambua sufi, na mtu anayenyamaza huwezi hata kugombana naye.

Aprili 1
Bado analala. Nimepitia pale mlangoni mara nyingi bila sababu. Nikimwangalia namwonea huruma, nikirudi kwenye turubai na kuona rundo la sufi, huruma inakwisha. Sijui nishike lipi.

Aprili 3
Amepona. Amekula, ameoga, amejipaka mafuta, ungedhani anakwenda harusini. Tukaenda zahanati. Damu safi. Joto la mwili la kawaida. Nesi akamwuliza kama ana mawazo, kama mume yuko mbali. Kama ana upele, vidonda, kitu kimemuuma? Wifi akanitazama, kisha akasema hapana. Nikashukuru moyoni.

Njiani kurudi nilitembea mbele. Sikutaka kusema, lakini mdomo wangu nimeshaueleza hapo juu ulivyo. Nikageuka nikamwambia, "Homa yako ina kalenda, wifi. Siku ya kazi ipo, siku ya kupimwa haipo."

Alisimama kidogo akajifunga kanga upya, akaendelea kutembea. Nilitegemea alie au anitukane, ningejua pa kuanzia.

Aprili 5
Wifi ameamka kabla yangu. Nimekuta chai tayari na uwanja umefagiwa. Amechambua sufi mpaka vidole vikavimba. Nilipomwambia apumzike akasema hajachoka. Nilitakiwa nifurahi, na kwa sehemu nimefurahi, lakini kuna kitu hakijakaa sawa na sijui ni kipi. Haniiti wifi leo. Ananijibu tu.

Aprili 7
Mvua, jua, mvua. Magodoro ya nyumba ya wageni yamebaki kidogo.

Aprili 10
Nitaandika kama yalivyotokea, maana kichwani yamechanganyika.

Asubuhi wifi alikuwa kwenye turubai tangu mapema. Nilimwona kwa mbali, amejifunga kanga kichwani na nyingine mabegani, nikasema baridi ya mvua. Nilikuwa nashona, sikumwangalia. Baadaye akashindwa kuinuka kuchukua gunia. Nilidhani tumbo limemlemea, nikaenda kumshika mkono, na mkono ule nilitaka kuuachia kwa jinsi ulivyokuwa wa moto. Meno yalikuwa yanagongana. Amefanya kazi hivyo tangu alfajiri na hakusema.

Nikamwambia akalale. Akasema, "Nikilala utasema." Basi, hilo tu. Nikamkokota mpaka kwenye kivuli.

Ndipo akabisha hodi Bwana Mitego na visanduku vyake, zamu yetu imefika. Nikamwambia kwa haraka kwamba panya hatuna, tumewamaliza, kwa kweli nikitegemea anipongeze. Akakunja uso. Hakuuliza sumu tuliyotumia wala kwa nini tulivunja ahadi. Aliuliza walikuwa wamelala wapi. Nikamwonyesha stoo. Akauliza sasa hivi hapo analala nani.

Nikamwonyesha wifi kwa kidole.

Akaingia stoo na tochi na kijiti. Akakwangua nyufa za ukuta chini kabisa, palipokuwa na magunia, na udongo wa sakafuni karibu na kichwa cha godoro. Vikadondoka vidude bapa vya rangi ya udongo, vimekunjamana, ungevipita mara mia ukidhani ni vumbi. Akavitia kwenye kichupa, vikaanza kutembea. Papasi, akasema. Mimi nilikuwa natafuta kunguni kwenye mishono ya godoro, wenyewe wako ukutani. Wanatoka gizani, wananyonya kwa muda mfupi, wanarudi zao, na aliyenyonywa hana habari. Panya wakiwepo huenda wanatosheka na panya.

Nikamwuliza, na wasipokuwepo? Kwa mara ya kwanza hakusema huenda. Alielekeza tochi kwenye godoro la wifi.

Akamwuliza wifi homa ilianza lini, ikatoka lini, ikarudi lini. Wifi akamweleza, na nikamfunulia miguu yake mimi mwenyewe. Bwana Mitego akasema apelekwe hospitali kubwa sasa hivi. Mume wangu akasema hawezi kutembea, tukisubiri homa ipoe kidogo kama siku zote...

"Mkisubiri ipoe, hamtaona kitu," akasema. "Wadudu wake wanaonekana kwenye damu homa ikiwa juu. Ikishuka, darubini haioni. Mmekuwa mkimpeleka lini?"

Tumekuwa tukimpeleka akishapona. Kila mara tulimsubiri apone ndipo tukampime anaumwa nini.

Tukampakia kwenye mkokoteni wetu wa kupelekea magodoro, juu ya godoro la mwenye nyumba ya wageni, jipya, turubai juu yake. Mume wangu kashika mbele, mimi na Bwana Mitego tunasukuma. Mvua ikaanza tena. Magurudumu yalizama kwenye tope mara nyingi, na mtu wa ofisi aliingia mpaka magotini bila kulalamika. Mimi nilikuwa naomba jambo ambalo sijawahi kuliombea mtu yeyote, kwamba homa isishuke. Nilikuwa nainua turubai nikimgusa, na nikikuta anachoma nashukuru. Mungu anisamehe.

Maabara walichukua damu palepale. Mtu wa maabara akaniruhusu nichungulie. Kati ya chembe za damu kulikuwa na vitu vyembamba vinavyojisokota, mfano wa vipande vya uzi vilivyokatika kwenye cherehani. Akasema ni bakteria wa homa ya papasi, na ni wengi. Nilihisi furaha, nadhani ilikuwa furaha. Kumbe anaumwa.

Aprili 11
Daktari alitupa maelezo marefu jana. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, na sikushika hata robo. Wakampa dawa. Baada ya muda mfupi akazidiwa kuliko alivyokuja. Kitanda kilikuwa kinatikisika. Midomo ilibadilika rangi, akawa haongei ya kueleweka. Nikamwona nesi anakuja na dawa nyingine mkononi, nikasimama katikati. Nikasema hapewi tena mtu hapa, alikuja anaongea, nyinyi ndio mmemfanya hivi. Nikapiga kelele wodi nzima ikageuka.

Nesi akasema mlielezwa, wadudu wakifa kwa wingi mwili unachafuka kwanza, kisha unatulia. Sikumbuki kuelezwa. Mume wangu, huyu huyu ambaye kwa miaka yote hajanyanyua sauti hata mbele ya mteja mkorofi, akanishika mabega akaniambia kaa chini. Nikakaa. Nilimtazama kana kwamba nimemwona leo. Akamshika dada yake kichwa na kumnywesha mwenyewe.

Jioni homa ilishuka. Akanifahamu, akaomba maji. Kisha uchungu ukaanza.

Aprili 12
Mtoto amezaliwa hana uhai. Wa kike.

Aprili 14
Tumemzika. Mumewe wifi hajafika, barabara zimekatika. Wifi bado yuko wodini, anaendelea na dawa. Wanasema amepona na hatarudiwa tena. Nashindwa kulifurahia hilo na nashindwa kutolifurahia.

Nimemwambia mume wangu kwamba ni ile dawa. Alikuja na mimba, akapewa dawa, akatetemeka, mimba ikatoka, mtoto mdogo anaelewa hesabu hii. Akaniambia bila dawa angekufa na mama. Nikamwambia hayo wamekwambia wao. Akatoka akaenda kuvunja sakafu ya stoo kwa sururu. Amevunja mpaka giza likaingia.

Aprili 16
Mvua. Hatujafungua kazi. Mwenye nyumba ya wageni kaja, kasikia, kaondoka bila kutaja magodoro.

Aprili 19
Bwana Mitego kaja kutoa pole. Nilimsubiri kwa hamu mbaya, nilikuwa na ya kumwambia. Angesema mapema, angesema wazi, badala ya huenda zake. Lakini alipokaa aliniambia aliyoyapata, nikamsikiliza.

Papasi wa ukuta wetu wanao wale bakteria. Panya aliowatega shambani nyuma ya nyumba, wengi hawakuwa na kitu. Wawili walikuwa na dalili ambazo hawezi kuziapia. Kwa hiyo ni panya walioleta? Huenda. Au papasi walikuwa ukutani tangu zamani, wanaweza kukaa na njaa miaka, na panya wa mvua wakaja kuwaamsha tu? Huenda na hilo. Na sumu yangu? Nilimwuliza uso kwa uso. Nilisema kama nisingewaua panya, papasi wangemwacha wifi?

Alizungusha kikombe mkononi. Akasema huenda angeumwa hata hivyo. Huenda asingeumwa. Akasema kazi yake ni kutafuta hilo na bado hajalipata, na hawezi kunidanganya ili nilale vizuri.

Nilitaka kumchukia na nikashindwa. Nimebaki na panya wasio na hatia ya kuthibitika, na dawa, na sumu, na ukuta. Nazizungusha hizi kichwani siku nzima, kila nikigusa moja inanikwepa. Kama ni dawa, basi si mimi. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ninavyofikiri nikiwa peke yangu.

Aprili 21
Jua siku nzima. Nimeanika sufi. Mume wangu anatengeneza sakafu ya saruji.

Aprili 24
Wifi amerudi. Nimemlaza chumbani kwetu, sisi tumehamia sebuleni. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Mume wangu alimwandalia chai akatoka, nadhani alikuwa ametuachia nafasi makusudi.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia yote. Kwamba niliweka sumu baada ya kuombwa nisiweke. Kwamba nilimfanya afiche vidoa vyake kwa kuogopa jina la kazi yetu. Kwamba ile kauli yangu ya njiani, ya kalenda, naisikia hata nikiwa nashona. Kisha nikamwambia, nikiwa nadhani namfariji, kwamba mimi naamini ile dawa ndiyo iliyomwondoa mtoto, na kwamba tungeweza kwenda kuwauliza.

Alikuwa ananiangalia bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Siyo dawa, wifi," akasema. "Aliacha kucheza kabla. Siku moja kabla ya kunipakia kwenye mkokoteni."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Homa nilikuwa nasema ninayo, nikipimwa haipo. Kila mara. Mwisho na mimi nikaanza kuamini najitia kuumwa. Nikajiambia labda mtoto anacheza, ni mimi tu ndiye sisikii."

Akageukia ukutani. Nikamfunika shuka. Nikabaki nimekaa pale, nikilia bila kutoa sauti, mpaka pumzi zake zikawa za mtu aliyelala.

Kabla ya kutoka nikamwekea mkono kwenye paji la uso. Niliona hana homa. Nikamwamsha nimwulize mwenyewe kama anayo.